Mia na Moja Katika Mia

Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa sura yake laonekana kuwa ni la mafundi wa kompyuta peke yao. Sisi tumelikuta uani mwa nyumba moja ya Temeke, juu ya mkeka, mbele ya warithi kumi na wanane. Jambo lenyewe ni tarakimu: ni ngapi zatosha kuiandika hesabu ikawa sahihi, na ni nani apatwaye na hasara ya zile zilizokatwa.

Nyumba hiyo ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida, vyumba sita na ukumbi katikati, na ua kwa nyuma. Mwenyewe alifariki mwaka 2009, akaacha mke, watoto wanaume watatu na wanawake watano. Ilipasa urithi ugawanywe mara tu madeni yalipokwisha kulipwa, na wasia haukuwapo. Walakini, kama ilivyo desturi yetu mbaya huku mitaani, kila mmoja aliona haya kulitaja jambo hilo mbele ya mjane. Bibi akaendelea kukaa chumba chake, vyumba vya mbele vikapangishwa, na miaka ikapita. Mwaka 2013 akafariki mmoja wa wale wanaume, akaacha mama yake huyo, mke, wanaume wawili na wanawake watatu. Mwaka 2016 akafariki mmoja wa mabinti, akaacha mume, mama, wanaume watatu na wanawake wawili. Mwaka 2019 akafariki Bibi mwenyewe. Mwaka 2022 akafariki binti mwingine, ambaye hakujaliwa mtoto, akaacha mume na ndugu zake. Nyumba ikauzwa mwaka 2024 kwa Shs. 240,000,000, na hapo ndipo tulipoitwa sisi, tuwe pamoja na watu wazima wa mtaa katika kusikiliza mgawanyo.

Mgawanyo ulikuwa umekwisha kufanywa na karani mmoja, naye alikuja na karatasi nzuri iliyopigwa chapa kwa mashine, kila jina na asilimia yake. Ndugu wawili wanaume asilimia 21 kila mmoja. Dada watatu asilimia 11 kila mmoja. Mume wa binti aliyefariki mwisho, 5. Mke wa yule ndugu wa kwanza, 2. Wanawe wa kiume 3 kila mmoja, na wa kike 2 kila mmoja. Mume wa binti wa kwanza, 2. Wanawe wa kiume 1 kila mmoja, na mabinti zake wawili 1 kila mmoja. Karatasi ikasomwa, watu wakaitikia, na kila mtu akaona ni sawa mpaka mzee mmoja aliyekuwa kando, mwuza samaki wa zamani pale Tandika, alipouliza kwa upole, "Na jumla yake?" Alikuwa ameijumlisha kichwani. Jumla yake ilikuwa mia na moja.

Asilimia moja ya fedha ile ni Shs. 2,400,000. Fedha hiyo haikuwako. Mnunuzi alilipa mia katika mia, na karatasi imegawa mia na moja. Ikawa sharti mtu apunguziwe, na mara ile maneno yakaanza kupanda. Mmoja katika wakubwa akasema, "Wazee wangu, jambo hili ni jepesi. Hawa watoto wawili wa kike wa marehemu dada yetu ndio wenye haki ndogo kuliko wote, na hapa wamepewa moja moja. Wapeni nusu nusu, jumla itarudi mia, twende tukasali." Lilisikika kuwa ni neno la busara. Karani naye akasema kwamba kwa hakika haki yao haifiki moja, ila mashine "ndiyo iliyoipandisha."

Twaomba msomaji asimame hapa kidogo. Haki ya kila mmoja wa watoto wale wawili ilikuwa Shs. 1,392,045 na senti. Nusu ya asilimia ni Shs. 1,200,000. Kwa ule wepesi wa kurudisha jumla iwe mia, kila mtoto angekwenda zake amepungukiwa na Shs. 192,045, naye ni mtoto aliyefiwa na mama, hakuwapo pale mkekani, wala hakuwa na umri wa kusamehe haki yake hata kama angaliulizwa. Wakati huo huo kila dada angechukua asilimia 11 ambapo haki yake ni 10.73, yaani zaidi ya Shs. 649,000 zisizo zake, na kila ndugu mwanamume angepokea 21 mahali pa 21.46, akapoteza zaidi ya Shs. 1,100,000. Hapakuwa na mwizi hata mmoja katika ua ule. Tarakimu zilikatwa, na waliokatwa hawakuulizwa.

Tulishauri karatasi iwekwe kando, na hesabu ifanywe upya kwa njia ya faraidhi, ambayo haina asilimia ndani yake. Sehemu zilizotajwa katika Suratin-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176, ni sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi moja na sudusi. Wanavyuoni walioiweka elimu hii walizishika sehemu hizi kama zilivyo, wakatafuta kwa kila masala namba nzima ambayo sehemu zote zatoka ndani yake pasi na kuvunjika. Namba hiyo huitwa asili ya masala, na watoto wetu shuleni mpaka leo husema asili kwa namba ya chini ya sehemu, na kiasi kwa ile ya juu, bila ya kujua walikolitoa neno.

Tuanze na kifo cha kwanza. Mke ana thumuni, kwa kuwa mumewe ameacha watoto. Zabaki sehemu saba katika nane, nazo ni za watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Wanaume watatu ni mafungu sita, wanawake watano ni matano, jumla kumi na moja. Saba haigawanyiki kwa kumi na moja, basi nane huzidishwa kwa kumi na moja, ikawa 88. Mke ana 11, kila mwanamume 14, kila mwanamke 7. Ukijumlisha 11 na 42 na 35 wapata 88, hapana iliyozidi wala iliyopungua.

Akafa mwanamume wa kwanza hali ya kuwa fungu lake halijatoka. Hii ndiyo huitwa munasakha, vifo vya kufuatana kabla ya kugawanywa, na ndiyo iliyowatoa jasho wanafunzi wengi wa darsa. Mama yake ana sudusi na mkewe thumuni. Asili ni 24, mama 4, mke 3, zikabaki 17 kwa watoto wenye mafungu saba. Tunazidisha 24 kwa 7, yawa 168. Fungu la marehemu lilikuwa 14 katika 88, na 14 yaingia mara 12 katika 168. Basi asili ya kwanza yote huzidishwa kwa 12, ikawa 1,056, na kila mrithi wa mwanzo fungu lake nalo huzidishwa kwa 12. Alipofariki binti wa kwanza, masala yake ilikuwa na asili 96, na fungu lake lilikuwa 84. Mbili hizi zagawanyika kwa 12, ikabaki 8 ya kuzidishia. Asili ikapanda hadi 8,448. Kifo cha Bibi hakikuongeza kitu, maana yeye alikuwa amekusanya mafungu 1,392, na watoto wake waliobaki walikuwa na mafungu manane, na 1,392 kwa nane ni 174 sawasawa. Kifo cha mwisho kikazidisha kwa saba, na asili ikatua kwenye 59,136.

Katika 59,136 hizo, kila ndugu mwanamume ana 12,690, kila dada 6,345, mume wa binti wa mwisho 2,961. Mke wa ndugu aliyefariki ana 1,176, na mume wa binti wa kwanza naye ana 1,176. Wana wa kiume wa yule ndugu wana 1,904 kila mmoja, na wa kike 952. Wana wa kiume wa yule binti wana 686 kila mmoja, na wale watoto wawili wa kike, ambao maneno yote yalikuwa juu yao, wana 343 kila mmoja. Anayetaka achukue kalamu ajumlishe. Watarudi 59,136 kamili, kwa sababu tangu mwanzo hadi mwisho hapakuandikwa nukta hata mahali pamoja.

Hatukuandika haya ili kuisifu kalamu juu ya mashine. Wako wenzetu ambao wakisikia habari kama hii husema, "Unaona! Kompyuta hizi!" na maneno hayo hatuyaafiki. Mashine ilifanya kama ilivyoamrishwa. Aliyeiamrisha aliitaka asilimia nzima, ikampa. Lakini yafaa tuelewe kwamba mashine nayo ina kikomo chake, hata pale mwenye kuitumia hakukata kitu kwa kusudi lake.

Kompyuta nyingi za siku hizi huweka namba katika kijumba chenye nafasi 64, na kila nafasi haina ila sifuri au moja. Namba kubwa kabisa inayoweza kukaa humo ni 18,446,744,073,709,551,615. Wasomaji waliosoma visa vya kale wataikumbuka namba hii, maana ndiyo ile ya punje za ngano juu ya ubao wa sataranji, punje moja katika nyumba ya kwanza, mbili katika ya pili, nne katika ya tatu, hivyo hivyo mpaka nyumba ya sitini na nne. Al-Biruni aliitoa hesabu hii karibu na mwaka 1000 wa Miladi kwa njia fupi ya kupendeza: chukua 16 uizidishe kwa nafsi yake, upate 256, hiyo nayo kwa nafsi yake, 65,536, tena, 4,294,967,296, na mara ya nne, kisha utoe moja. Miaka elfu moja baadaye mafundi wa mashine wameufikia mpaka ule ule, si kwa kuigana, ila kwa sababu wote wawili wanazidisha kwa mbili mara sitini na nne.

Mtu wa Kinondoni atasema, mimi nina haja gani na namba kubwa kama hiyo? Naye anayo namba kubwa kuliko hiyo katika mfuko wake wa shati. Namba ya kitambulisho cha Taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu ishirini, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa mwenyewe. Tukiisoma namba ya sataranji kana kwamba ni ya kitambulisho, mwenyewe atakuwa amezaliwa mwaka 1844, mwezi wa 67, siku ya 44! Basi kila aliyezaliwa tangu mwaka 1900, ambaye namba yake yaanza na 19 au 20, namba yake yapita uwezo wa kijumba cha nafasi 64. Hapana Mtanzania hata mmoja mwenye kitambulisho ambaye namba yake yaweza kukaa humo.

Hili nalo tumeliona kwa macho yetu. Kamati ya madrasa moja huko Mwananyamala iliandika orodha ya wajane na wasiojiweza wa kupewa futari na nguo za Idi, na kwa kuwa majina yafanana (akina Mwanahamisi ni wengi, alhamdulillahi) wakasema kila mtu aandikwe na namba yake ya kitambulisho. Orodha ikatiwa katika Excel. Programu hii, kama zilivyo nyingi za jamii yake, hushika tarakimu 15 tu za namba, na zilizobaki huzigeuza sifuri. Tarakimu tano za mwisho za kila mtu zikafutika, na orodha ikaonyesha namba zote zikiishia kwa sifuri tano. Watu waliozaliwa siku moja na kuandikishwa mahali pamoja, kama mapacha, huweza hapo kuwa mtu mmoja, na mmoja wao akakosa fungu kwa kuambiwa kwamba amekwisha kuchukua. Dawa yake ni rahisi, nayo ni kuiambia programu kabla ya kuandika kwamba safu ile ni ya maandishi, wala si ya namba, kwa kuwa kitambulisho hakijumlishwi wala hakizidishwi. Lakini iwe kabla ya kuandika. Tarakimu zikisha kupotea hazirudi kwa kubadilisha safu. Itabidi kadi zitafutwe tena moja moja, na mabibi wengine huzihifadhi mbali sana.

Ama kwa nukta, mambo ni mazito zaidi. Kanuni inayofuatwa na mashine karibu zote iliwekwa mwaka 1985, nayo huiachia namba yenye nukta tarakimu kama kumi na tano au kumi na sita zenye kutegemewa. Na kwa kuwa mashine huhesabu kwa mbili, wala si kwa kumi kama sisi, sehemu moja ya kumi kwake haina mwisho, kama vile thuluthi isivyo na mwisho kwetu tukiiandika 0.333. Ukiiamuru ijumlishe 0.1 na 0.2, hutoa 0.30000000000000004. Ukiiamuru igawe 1 kwa 49 kisha izidishe kwa 49, haikurudishii moja, hukupa 0.9999999999999999. Kwa fedha za nyumba ya Temeke kosa la namna hii halifiki hata sehemu ya senti, na ni haki tuseme hivyo. Lakini mwenye kuandika programu ya mirathi na kuiuliza mwishoni, je, mafungu haya yametimia moja? huenda akajibiwa kwamba hayakutimia, hali yametimia; na programu inayokataa hesabu sahihi haina msaada kwa kadhi wala kwa warithi.

Na makosa madogo hujumlikana. Mwaka 1991, wakati wa vita vya Ghuba, mashine za kuzuia makombora zilikuwa zimewekwa Dhahran, Saudi Arabia. Saa ya mashine hizo ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, na ile sehemu moja ya kumi ilikuwa imekatwa ili ienee katika nafasi 24. Mashine iliachwa ikifanya kazi kwa saa kama mia moja bila kuzimwa, na kosa lisiloonekana likafika karibu thuluthi ya sekunde, muda ambao kombora huenda zaidi ya nusu kilomita. Tarehe 25 Februari kombora likaja, mashine ikalitafuta mahali ambapo halikuwapo, na askari 28 wa Kimarekani wakafa katika kambi yao.

Kumbe mafundi wa mashine nao wamekwisha kuirudia njia ya wanavyuoni wa faraidhi, nao huiita hesabu isiyo na mpaka wa tarakimu. Namba haipewi kijumba kimoja, bali hupewa vijumba vingi vilivyounganishwa kama mabehewa ya gari moshi, na kila tarakimu zikijaa huongezwa behewa. Kujumlisha huanzia behewa la mwisho, kinachozidi kikabebwa kwenda la pili yake, kama tulivyofundishwa darasa la pili kwa chaki. Mpaka wake ni kumbukumbu ya mashine yenyewe, nayo ni pana. Sehemu huandikwa kwa namba mbili kama hizo, kiasi na asili, na hakuna nukta. Gharama yake ni muda, kwa maana kuzidisha namba ndefu kwa njia ya shuleni ni kazi inayokua upesi: ukiongeza urefu mara mbili, kazi huwa mara nne. Watu walidhani hapana njia nyingine, mpaka mwaka 1960 huko Moscow kijana wa miaka 23, Anatoly Karatsuba, alipomsikia mwalimu wake mkubwa Kolmogorov akisema hivyo, na baada ya muda mfupi akamletea njia iliyo nyepesi zaidi. Namba za jinsi hii zatulinda hata tusipozijua. Mtu afunguapo ukurasa wa benki kwa simu yake akiwa ndani ya daladala ya Mbagala, mara nyingi simu huthibitisha kwa namba yenye nafasi 2,048, ambayo kwa tarakimu zetu za kawaida ni tarakimu 617, na ikikosewa moja tu mlango haufunguki. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1977.

Wala si ajabu kwamba mirathi na mashine zikakutana. Al-Khwarizmi, ambaye jina lake ndilo lililozaa neno algoriti wanalolitumia mafundi hawa kila siku, aliishi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hadi 833. Kitabu chake cha al-jabr husifiwa kote duniani kwa sehemu yake ya mwanzo, lakini karibu nusu yake ya pili ni masala ya wasia na mirathi: mtu amekufa, ameacha hawa, ameusia hivi, ana deni kwa mwanawe. Yeye alikuwa akiwaandikia watu wa mkekani.

Ziko hesabu ambazo hata mabehewa elfu hayazimalizi. Mzunguko wa duara kwa upana wake hauna tarakimu ya mwisho, na hapo hapana budi mtu akate. Tofauti iko katika namna ya kukata. Jamshid al-Kashi, mjini Samarkand mwaka 1424, aliitoa hesabu hiyo hadi tarakimu 16 baada ya nukta, kwa kuchora katika fikira zake umbo lenye pande 805,306,368. Lakini kabla ya kuanza alijiuliza kwanza kosa gani laweza kuvumiliwa, akaamua kwamba duara la ulimwengu wote, kwa ukubwa waliouamini zama zake, lisikosewe hata kwa unene wa unywele wa farasi. Baada ya kuamua hivyo ndipo alipohesabu tarakimu ngapi zahitajiwa. Karani wetu alianza na tarakimu zilizopendeza kwenye karatasi, na kosa likajitafutia mahali pake, likawapata waliokuwa wadogo.

Turudi kwenye zile fedha. Kijana mmoja wa Kinondoni, mwanafunzi wa kompyuta na mwana wa mmoja wa majirani zetu, alituomba ile karatasi yetu ya 59,136, akaandika programu kwa lugha ya Python, ambayo tangu toleo lake la tatu la mwaka 2008 namba zake nzima hazina mpaka wa tarakimu, na ina chombo cha sehemu tayari. Unaitaja familia, kifo baada ya kifo, nayo huzidisha na kufupisha yenyewe. Ilitoa 59,136 vile vile, nasi tukafurahi, si kwa kuwa tulikuwa na shaka na kalamu. Kisha akaijaribu kwa familia ya kubuni ambayo kila kifo huizidisha asili kwa 168, kama kile cha kwanza kilivyotaka kabla ya kufupishwa. Kwa vifo tisa vya namna hiyo asili yapita punje zote za sataranji. Hapo programu ya kawaida ya kijumba cha nafasi 64 ingeanza kutoa upuuzi bila ya kusema neno. Hii iliongeza behewa ikaendelea. Na vifo tisa si mbali. Ziko nyumba Magomeni na Temeke zilizojengwa na babu, na wajukuu wa wajukuu wake ndio wanaokaa humo leo, wala hapana aliyewahi kugawa.

Lakini fedha za Tanzania hazilipwi kwa sehemu za 59,136. Fungu moja lilitoka Shs. 4,058 na senti 44 na kitu kisichokwisha. Hapo sasa ndipo mahali pa kukata, mwisho kabisa, na mara moja tu, mbele ya watu. Tulikubaliana kila mrithi apewe kwanza shilingi zake nzima, na senti ziwekwe kando. Kila ndugu akapewa Shs. 51,501,623, kila dada Shs. 25,750,811, mume wa binti wa mwisho Shs. 12,017,045, mke wa ndugu na mume wa binti wa kwanza Shs. 4,772,727 kila mmoja. Wana wa kiume wa ndugu Shs. 7,727,272 na wa kike Shs. 3,863,636, wana wa kiume wa binti Shs. 2,784,090, na wale watoto wawili wa kike Shs. 1,392,045.

Zilipokusanywa senti zote za watu kumi na wanane, zilikuwa shilingi kumi kamili. Mtu mmoja akataka zitiwe katika sanduku la msikiti zikwishe. Maalimu wetu akakataa, akasema kwamba mkubwa aweza kutoa chake kwa ridhaa, lakini wamo humu wadogo, na mdogo hana ridhaa ya kutoa hata senti. Basi wakaulizwa wakubwa, ndugu wawili, dada watatu, waume wawili na yule mjane, nao wote wanane wakasamehe senti zao. Wajukuu walikuwa kumi. Kila mmoja akaongezewa shilingi moja juu ya haki yake, kwa sarafu ambazo siku hizi ni nadra kuonekana dukani, na yule mzee wa Tandika akajumlisha tena kichwani, akasema zimetimia.